Barua za watafiti kwenda nyumbani: uchague za Mead, Bell, Malinowski, Perham au za kwa mfadhili?

Tarehe 1 Januari 1926 kimbunga kiliikumba Taʻū, kisiwa kidogo cha Samoa ya Marekani. Margaret Mead, mwanaanthropolojia wa Marekani, akiwa na miaka 24, alikuwa akiishi kwenye zahanati ya jeshi la majini la Marekani pamoja na familia ya mhudumu wa zahanati hiyo. Upepo ulipozidi walijificha ndani ya tangi la saruji la kuwekea maji, watoto wakiwa mikononi. Habari hiyo imo katika barua aliyowaandikia jamaa na marafiki, na inasomeka kama vile msimulizi amekaa karibu nawe. Siku hizo hizo aliandika barua nyingine, kwa msimamizi wake Franz Boas huko New York. Humo alikiri kwamba hajui ayawasilishe vipi matokeo yake, kwa hesabu na majedwali au kwa maelezo ya msichana mmoja mmoja.

Barua mbili, mwandishi mmoja, kisiwa kimoja, mwezi mmoja. Anayesoma ya kwanza peke yake atadhani kilichomsumbua mtafiti ni hali ya hewa tu. Anayesoma ya pili peke yake hatajua kwamba swali hilo la majedwali liliulizwa na mtu ambaye nyumba za kijiji alichokuwa akikichunguza zilikuwa zimeangushwa juzi tu.

Kila aliyesoma Kiswahili shuleni anaijua tofauti ya barua ya kirafiki na barua rasmi. Watafiti wa karne ya 20 waliziandika zote mbili, na katikati yake wakaandika za aina ambazo mwalimu hakuzitaja: waraka wa kusomwa na ukoo mzima, shajara iliyokatwa vipande na kutumwa kwa posta, ripoti ya mfadhili iliyovishwa nguo za barua ya kirafiki. Mtu anayetafuta barua za kutumia katika tasnifu, makala au kipindi cha redio kwa kawaida huchagua kwa nchi. Anataka Iraki, basi anachukua Gertrude Bell. Anataka India, anachukua yeyote aliyekuwa Delhi. Tunashauri uanze na mwandikiwa. Nchi itakuonyesha barua inazungumzia nini. Ni mwandikiwa atakayekuonyesha kilichoachwa.

Hapa tunalinganisha mikusanyo ambayo msomaji wa leo anaweza kuipata, ama kwa kitabu, ama kwenye intaneti, ama kwa kuomba kwa hifadhi ya nyaraka.

Waraka wa Mead

Katika safari zake Mead alizoea kuandika barua za watu wengi kwa pamoja: zilipigwa taipu, zikanakiliwa, zikapita mkono kwa mkono kwa ndugu, marafiki na walimu. Mkusanyo wa barua za miaka 50, kuanzia 1925 hadi 1975, ulitoka mwaka 1977, yeye mwenyewe akiwa ndiye mchaguzi, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Humo mna Samoa, kisiwa cha Manus alikokwenda 1928 na Reo Fortune, bonde la mto Sepik huko New Guinea mwanzoni mwa miaka ya 1930, Bali alikofanya kazi na Gregory Bateson kuanzia 1936, na kurudi kwake Manus mwaka 1953 kuona kijiji kilivyobadilika baada ya vita.

Uzuri wake ni maelezo ya maisha ya kazi: nyumba imejengwa vipi, chakula kimepikwa na nani, siku imegawanywaje, mtafiti amejifunzaje kukaa chini kwa adabu ya pale. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi utafiti wa uwandani ulivyofanyika kabla ya kinasa sauti hatapata kitu kinachosomeka kwa urahisi zaidi ya hiki.

Kasoro zake ni mbili na zote zina uzito. Ya kwanza, waraka unaosomwa na mama, shangazi na profesa kwa pamoja hauwezi kusema jambo lolote la ndani. Mead aliingia Sepik akiwa mke wa Fortune, akakutana na Bateson huko, na baadaye akaolewa na Bateson. Usitegemee waraka ukuambie hayo yaliendaje. Ya pili, barua za msichana wa miaka 24 zilichaguliwa na bibi wa miaka 75 aliyejua tayari ni safari gani ilimpa jina na ni ipi iliyozaa ugomvi.

Tena, usizitumie barua hizi kuthibitisha kama matokeo ya utafiti wa Samoa yalikuwa sahihi. Mwaka 1983 Derek Freeman alichapisha kitabu cha kuyapinga, na mjadala ukawaka kwa miaka mingi. Waliotaka kuupima kwa haki hawakuishia kwenye waraka. Walikwenda kwenye barua zake na Boas, na Martin Orans, mwaka 1996, akachapisha uchunguzi wa daftari zake za uwandani zenyewe. Daftari na barua hizo ziko kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, katika mkusanyo wenye zaidi ya vipande 500,000. Bila orodha ya masanduku mkononi utapotelea humo. Isome kabla ya kuomba chochote.

Bell: kitabu cha mama wa kambo, na barua zenyewe

Kwa Gertrude Bell (1868–1926) chaguo halisi ni kati ya matoleo mawili ya barua zile zile. Watu wengi hukosea hapa bila kujua kwamba wamekosea.

Bell alikuwa mwanaakiolojia na msafiri kabla ya kuwa ofisa wa Uingereza huko Baghdad. Alimwandikia baba yake Hugh na mama yake wa kambo Florence kwa miaka na miaka. Alipofariki Baghdad mwezi Julai 1926, Florence alikusanya barua na kuzichapisha mwaka uliofuata, 1927, katika majuzuu mawili. Ni kazi ya mama aliyefiwa. Aliondoa yaliyoweza kuwaudhi waliokuwa hai, akakata mambo ya nyumbani, na mapenzi ya Bell kwa Charles Doughty-Wylie, ofisa aliyekuwa na mke wake na aliyeuawa Gallipoli Aprili 1915, hayamo.

Toleo la pili ni barua zenyewe. Chuo Kikuu cha Newcastle kinahifadhi zipatazo 1,600, pamoja na shajara 16 na maelfu ya picha, na kimeziweka kwenye intaneti bila malipo. Mwaka 2017 mkusanyo huo uliingizwa kwenye rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Kila barua ina tarehe yake na maandishi yake yaliyopigwa chapa, kwa hiyo hakuna haja ya kuhangaika na mwandiko wa mkono.

Kwa hiyo: kitabu cha 1927 kisome ili upate mtiririko, lakini usikinukuu. Kila sentensi unayotaka kuitumia itafute kwa tarehe kwenye mkusanyo wa Newcastle. Mara nyingi utakuta aya mbili kabla yake au baada yake ambazo kitabu hakina, na pengine ndizo zenye jambo.

Fungua za mwaka 1921 uone. Mkutano wa Cairo, wa Waingereza juu ya mambo ya Mashariki ya Kati, ulifanyika Machi, na Faisal akatawazwa mfalme wa Iraki tarehe 23 Agosti. Katikati ya tarehe hizo, mwezi Julai, Bell anamwambia baba yake kwamba hataifanya tena kazi ya kuunda wafalme, maana inachosha mno. Hiyo ni kauli ya binti kwa baba, na ofisa aliyeandika sentensi hiyo hangeiweka kwenye ripoti ya serikali. Wakati huo huo, usisahau kwamba aliyeandika ni mtumishi wa dola iliyokuwa ikitawala nchi hiyo. Uchovu wake ni wa kweli, na Wairaki wanaopita katika barua zake wanaonekana kutoka upande wa meza aliokaa yeye.

Kwa safari ya Hail, Uarabuni, tumia shajara. Alitoka Damascus Desemba 1913, akafika Hail mwisho wa Februari 1914, akazuiwa humo siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Aliandika shajara mbili kwa pamoja: moja ya haraka, ya matukio ya siku, na nyingine ya kutulia, iliyoandikwa kila baada ya siku chache kwa ajili ya Doughty-Wylie. Zilinganishe siku kwa siku. Ya kwanza ina saa, njia na majina. Ya pili ina hofu.

Unapotafuta ndani ya mkusanyo huo, jaribu kila tahajia. Hail inaweza kuwa Hayil au Ha'il. Faisal anaweza kuwa Feisal au Faysal. Anayetafuta kwa tahajia moja hupata sehemu tu ya kilichopo na kudhani kimeisha.

Malinowski: barua kwa mchumba, shajara kwa nafsi

Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Poland, alikuwa visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, kwa mara ya pili mwaka 1917 na 1918. Mchumba wake, Elsie Masson, alikuwa muuguzi Melbourne. Malinowski alimwandikia kwa Kiingereza. Usiku aliandika shajara kwa Kipolandi, lugha ambayo Elsie hakuihitaji na wenyeji hawakuijua. Shajara ilichapishwa mwaka 1967 na mjane wake, aliyekuwa mke wake wa pili, ikawashtua wengi kwa maneno ya dharau na hasira juu ya watu aliokuwa akiishi nao. Barua zilitoka mwaka 1995, zikihaririwa na binti yake Helena Wayne, katika majuzuu mawili. Maana yake ulimwengu ulimjua Malinowski mchungu miaka 28 kabla ya kumjua Malinowski mpole, na bado wapo wanaofundisha kwa shajara peke yake. Hilo si haki kwa yeyote, wala kwa watu wa Trobriand, kwa sababu ni barua zinazoonyesha kazi ilivyokuwa ikikua siku kwa siku: leo kauliza hili, jana kakosea lile.

Kama unasoma maadili ya utafiti, chukua zote mbili na uziweke kwa tarehe. Ukiwa na nafasi ya moja tu na unataka kujua jinsi utafiti ulivyofanyika, chukua barua.

Na hapa kuna jambo la posta ambalo linamgusa kila msomaji wa barua hizi. Mama yake Malinowski alifariki Januari 1918, huko Poland, vita ikiwa bado inaendelea. Habari zilimfikia mwanawe visiwani mwezi Juni. Kwa miezi mitano alimwaza na kumzungumzia mtu ambaye hayupo tena. Msomaji anayejua tarehe ya kifo lazima ajizuie asimlaumu kwa utulivu wake wa Machi au Aprili, kwa kuwa hakuwa amejua.

Barua kwa mfadhili: vijana wa Walter Rogers

Institute of Current World Affairs ilianzishwa mwaka 1925 kwa fedha za Charles Crane, tajiri wa Chicago. Ilichagua vijana wachache, ikawapeleka nchi za nje kukaa miaka miwili au zaidi, na sharti kubwa likawa kuandika barua mara kwa mara kwa mkurugenzi. Mkurugenzi wa kwanza, Walter Rogers, alikaa kwenye kiti hicho hadi 1959, kwa hiyo barua za kizazi kizima zilianza na jina lake. Barua zina herufi za kwanza za jina la mwandishi na namba ya mfululizo, na hifadhi yake iko kwenye tovuti ya taasisi.

John Hazard alipelekwa Moscow mwaka 1934 kusomea sheria ya Kisovieti, akabaki hadi 1937, miaka ya kesi kubwa za Stalin. Phillips Talbot alikwenda India, na mwanzoni mwa 1947 alimfuata Gandhi hadi Noakhali, Bengali ya mashariki, alikokuwa akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji baada ya machafuko ya kidini. Barua zake zilitoka kwa kitabu mwaka 2007. Doak Barnett, mzaliwa wa Shanghai, alikuwa China kuanzia 1947, na mji wa Peking uliposalimu amri kwa Wakomunisti Januari 1949 alikuwa ndani yake. Zake zilikuwa kitabu mwaka 1963.

Kwa historia ya siasa, hizi ndizo tunazozipendekeza kuliko zote. Sababu ni mwandikiwa. Rogers alikuwa mbali, hakuijua nchi husika kwa ndani, na alikuwa na subira ya kusoma kurasa nyingi. Mwandishi ilimbidi aeleze kila kitu: chama hiki ni cha nani, mchele unauzwa bei gani, nani anamwogopa nani. Mambo ambayo mwandishi wa gazeti angeyakata kwa kukosa nafasi, hapa yamebaki.

Lakini ni barua rasmi, hata inapoanza kwa salamu ya kirafiki. Anayeandika anajua kwamba anayesoma ndiye anayemlipia nauli na chakula, na kwamba nakala zitasomwa na watu wengine wenye vyeo. Hatasema kwamba wiki tatu zimepita bila kazi. Kutoka mji kama Moscow wa 1937 kuna pia hatari ya bahasha kufunguliwa njiani, na aliyehatarishwa zaidi hakuwa Mmarekani, alikuwa Mrusi aliyezungumza naye. Ukiona barua ya mahali kama hapo haina majina ya wenyeji, usihitimishe kwamba hakuwajua.

Namna ya kuzisoma: anza na namba 1, usiruke hadi kwenye tukio kubwa. Katika miezi ya kwanza mwandishi hukosea sana, na baadaye hujisahihisha bila kutangaza. Ukinukuu namba 4 bila kuisoma namba 19, unaweza kumbebesha rai aliyokwisha kuitupa. Namba zikiruka, andika pengo hilo kwenye daftari lako, kisha angalia kama kuna barua za kawaida zisizo na namba za miezi hiyo.

Tanganyika na Kenya: Perham, na akina Wilson wa Rungwe

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mikusanyo miwili ya karibu, na haifanani hata kidogo.

Margery Perham, msomi wa Oxford, alipata ufadhili wa kusafiri wa Rhodes Trust mwaka 1929. Alizunguka Pasifiki, Afrika Kusini, kisha Kenya na Tanganyika 1929 na 1930, na baadaye Afrika Magharibi. Alituma nyumbani shajara ya safari kwa mtindo wa barua, na zikaja kuwa vitabu baada ya miaka zaidi ya 40: cha Afrika Kusini 1974, cha Kenya na Tanganyika 1976, cha Afrika Magharibi 1983, cha Pasifiki 1988. Karatasi zake ziko Maktaba ya Bodleian, Oxford.

Alikuwa akichunguza utawala, hasa ule wa kupitia machifu ambao Gavana Donald Cameron (1925–1931) alikuwa akiujenga Tanganyika. Waliomkaribisha walikuwa maofisa. Kwa hiyo barua zinaiona boma kutoka ndani, na kijiji kutoka barazani kwa bwana DC, ofisa mkuu wa wilaya. Unayetaka kujua maofisa walisemezana nini baada ya chakula cha jioni, walibishana vipi na walowezi wa Kenya, walimwonaje chifu fulani, hapa pana utajiri. Unayetaka kujua chifu huyo naye aliwaonaje, hapa si mahali pake. Fanya jaribio hili kwa kurasa 30 zozote: hesabu Wazungu wenye majina, kisha hesabu Waafrika wenye majina. Uwiano utakaoupata ndio utakaokuambia kitabu kinafaa kwa swali gani. Na kama ilivyo kwa Mead, toleo la 1976 lilitoka mwandishi akiwa na miaka kama 80, nchi zote mbili zikiwa zimeshapata uhuru.

Kwa anayetaka somo la kulinganisha, Perham alifika Samoa mwaka 1929, upande wa magharibi uliokuwa chini ya New Zealand, wakati vuguvugu la Mau la Wasamoa likiukataa utawala huo. Mead alikuwa ameondoka upande wa Marekani miaka mitatu kabla. Weka barua zao kando kwa kando: mmoja anatazama wasichana na familia zao, mwingine anatazama serikali na wanaoipinga. Usidhani mmoja wao ni kipofu. Kila mmoja alikwenda na swali lake.

Mkusanyo wa pili ni wa Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe kati ya 1934 na 1938. Karatasi zao ziko Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa namba BC880, na ndani yake mna barua za Monica kwa baba yake, mmisionari wa Lovedale. Hakuna njia ya mkato ya kitabu hapa. Utaomba kwa barua pepe, utalipia nakala, utasubiri. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliteketeza chumba cha kusomea cha Jagger katika chuo hicho, na maji ya kuzimia yakaingia kwenye hifadhi, kwa hiyo uliza kwanza hali ya masanduku unayoyataka kabla ya kukata tiketi.

Kwa nini ujisumbue? Kwa sababu akina Wilson waliishi vijijini kwa miaka, walisema Kinyakyusa, na walifanya kazi na msaidizi, Leonard Mwaisumo, ambaye mchango wake unaweza kufuatwa ndani ya karatasi zao. Kwa mtu wa Mbeya au Tukuyu hiyo ni tofauti kubwa kuliko uzuri wa sentensi za Perham.

Kalenda ya posta

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kusoma barua na majibu yake kana kwamba ni mazungumzo ya simu. Meli ikichukua wiki nne kwenda na nne kurudi, swali la tarehe 5 Januari hujibiwa tarehe za mwanzo wa Machi. Mead aliuliza mwanzoni mwa Januari 1926, Boas akajibu katikati ya Februari, na jibu nalo likahitaji kusafiri. Katikati hapo mtafiti alikuwa ameshaamua mwenyewe. Ukisema «Boas alimwelekeza», hakikisha maelekezo yalifika kabla ya uamuzi.

Jua pia posta ilibadilika lini mahali unapopasoma. Ndege za jeshi la anga la Uingereza zilianza kubeba barua kati ya Cairo na Baghdad mwezi Juni 1921, kwa hiyo mwendo wa barua za Bell kwa baba yake hauwi ule ule kabla na baada ya hapo. Huku kwetu, ndege ya Imperial Airways kutoka London hadi Mwanza ilianza tarehe 28 Februari 1931. Barua zote za Perham kutoka Tanganyika ziliandikwa kabla yake, na zile za Rungwe ziliandikwa baada yake. Iraki ilianza mwaka 1933 kutoa barua ya ndege ya karatasi moja nyembamba inayokunjwa, na mtindo huo ukaenea baadaye. Karatasi hiyo ina ukubwa wake na hairuhusu kuweka kitu ndani. Mwandishi aliyekuwa akijaza kurasa nane akianza ghafla kuandika ukurasa mmoja na nusu, kagua aina ya karatasi kabla ya kudhani amechoka au amegombana na nyumbani.

Kuandaa daftari la barua

Uamuzi ukishafanyika, fungua jedwali lenye safu hizi: tarehe iliyoandikwa juu ya barua, tarehe ya muhuri wa posta kama bahasha ipo, mahali, mwandikiwa, idadi ya kurasa, asili au nakala ya kaboni, toleo ulilolisoma, na yaliyokatwa. Barua moja ikiwa imeandikwa kwa siku tisa, kama ilivyokuwa kawaida wakati wa kungojea meli, ipe mstari kwa kila siku. Usiipe mstari mmoja wa siku ya kwanza.

Nakala ya kaboni ina hila zake. Mwandishi alichomoa karatasi zote kwenye taipureta, kisha akachukua kalamu akasahihisha ile ya juu peke yake na kuongeza maneno pembeni. Nakala iliyobaki kwake haina nyongeza hizo. Iliyofika ndiyo inazo. Hifadhi ya mwandishi na hifadhi ya mwandikiwa zinaweza kukupa barua mbili zenye tarehe moja na maana tofauti. Ukizipata zote, iliyopokelewa ndiyo ya kunukuu, na tofauti iandike kwenye tanbihi. Nakala ya tano au ya sita huwa imefifia, na tarakimu 3, 5 na 8 hufanana, kwa hiyo bei na idadi za watu zisinakiliwe kutoka humo bila kuhakiki.

Ukiwa kwenye hifadhi, piga picha mbele na nyuma ya kila karatasi, pamoja na bahasha, na weka kipande chenye namba ya sanduku na kabrasha ndani ya kila picha. Bila namba hiyo picha 400 zitakuwa takataka ukifika nyumbani.

Kwa tasnifu ya uzamili, barua 40 hadi 60 za mwandishi mmoja zinatosha, mradi zifuatane. Barua zilizookotwa huku na huku kwa kutafuta neno moja hazitoshi hata zikiwa 200, kwa sababu hutaona mwandishi akibadilika.

Sasa, ipi?

Una wiki mbili na intaneti tu: Bell wa Newcastle au barua za akina Talbot, kutegemea kama unataka mtu au unataka nchi. Ukitaka nchi, chukua za kwa mfadhili.

Unafundisha mbinu za uwandani: Mead kwa darasa la kwanza, Malinowski barua na shajara kwa darasa la juu. Usiwape wanafunzi wa mwaka wa kwanza shajara peke yake.

Unaandika juu ya utawala wa kikoloni Kenya au Tanganyika: Perham, lakini umsome sambamba na nyaraka za wilaya zilizopo Nyaraka za Taifa, Nairobi au Dar es Salaam, ili jina la ofisa aliyemkaribisha chakula ulikute pia chini ya amri aliyoitia saini wiki ile ile.

Unaandika juu ya watu wa Rungwe, au juu ya wasaidizi na wakalimani ambao watafiti waliwategemea: Cape Town, hata ikichukua mwaka. Omba orodha ya BC880 kwanza. Katika jedwali lako ongeza safu moja ambayo mikusanyo mingine haikulazimishi kuwa nayo, safu ya aliyetafsiri mazungumzo ya siku hiyo, na ujaze jina lake kila unapolipata.